Jina Langu Mgongoni mwa Dada

Dada yangu ni mtu mkubwa. Taja mpira wa kikapu pale Kitengela, na hata mwenye hadiwea, duka la misumari na mabati, atakuambia alimjua akiwa mdogo, alimnunulia soda, alimwonyesha namna ya kurusha. Waongo wote. Aliyemjua ni mimi, niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi nikipigwa mbavu na ile miguu yake mirefu. Na jina wanalolitaja wakimsifu si lake, ni langu. Ndiyo maana hapa sitaandika jina la mtu yeyote. Majina yetu yamechezewa ya kutosha.

Tulikuwa Wakamba wa kupanga, chumba kimoja cha mabati nyuma ya bucha, enzi zile Kitengela ni vumbi, mbuzi wa Wamaasai na lori za simiti. Baba alivuta vumbi la simiti kiwandani Athi River mpaka kifua kikakataa, tukamrudisha kijijini Mwala ndani ya sanduku. Mwaka huo dada aliacha shule, darasa la sita, akaanza kumsaidia mama kufua nguo za walimu. Mimi, mdogo wake kwa miaka mitatu, nikaachwa niendelee kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kushika. Dada hakuwa mwepesi. Nasema hivyo bila huruma kwa sababu hata yeye alikuwa anasema hivyo, tena akicheka.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, wa pili ni wa mama ya mama. Kwa hivyo mimi nilikuwa susu, nyanya yangu mzaa mama, mzima mzima, na nyumbani mama hakuniita kwa jina. Aliniita mwaitu, yaani mama. Mwaitu, leta maji. Mwaitu, umekula? Hata akinichapa alinichapa kwa adabu kidogo, maana huwezi kumchapa mama yako hivi hivi. Dada alinionea wivu kwa neno hilo. Yeye alikuwa amebeba jina la mama mkwe, na mama hakumpenda mama mkwe hata chembe.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na nguzo ya stima isiyo na waya, na vijana walikuwa wamepigilia rimu ya baiskeli juu yake. Mpira ulikuwa wa mchungaji, umezibwa viraka mpaka ukidunda unaenda kando. Dada alipita pale na karai la nguo kwapani, mpira ukamjia, akauokota kwa mkono mmoja akaurusha. Ukaingia. Wakamrudishia wakicheka, ukaingia tena, na karai bado liko kwapani. Baada ya miezi michache hakuna kijana aliyetaka kumkaba, kwa sababu ni aibu kupitwa na dobi. Ule mpira wa kwenda kando alizijua tabia zake kama mtu anavyomjua punda wake. Mimi nilikuwa nakaa kwenye jiwe na vitabu vyangu, namchukia, na haki ya Mungu sikuweza kutazama kitu kingine.

Sasa sikiliza. Matokeo ya darasa la nane yalipotoka, niliwashinda watoto wote wa shule yetu. Nikaitwa shule ya wasichana huko Kajiado, ile barua nikaisoma mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Mama akatafuta sanduku la bati, akalipaka jina langu kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Karo hatukuwa nayo, lakini sanduku tulikuwa nalo, na mimi kwa ujinga wangu niliona tumefika nusu.

Wiki hiyohiyo akaja mwalimu wa michezo wa shule hiyo, mtu wa magharibi mwa Kenya, mpole, kofia mkononi. Alikuwa ametumwa na sifa za msichana anayefua nguo. Akamtazama dada kule kwenye nguzo jioni moja, kisha akaja kwetu kunywa chai. Akasema shule ingemlipia mtoto kama huyo kila kitu, karo, sare na viatu. Shida ni kwamba aliishia darasa la sita, na ana miaka kumi na saba, na mashindano ya shule yana kikomo cha umri. Halafu akauliza polepole, akitazama chai, kama kuna mtu ndani ya nyumba hii ana karatasi ya darasa la nane na cheti cha kuzaliwa cha miaka midogo kidogo. Mama akanigeukia. Zote mbili zilikuwa chini ya godoro, na zote mbili zilikuwa zangu.

Nikasema sitaki. Nikasema tena kwa Kikamba, mama asije akadai hakuelewa. Dada alikuwa anakata kucha kwa wembe, hakuinua kichwa.

"Akili inangoja," mama akaniambia. "Mwili haungoji. Mwaka ujao utarudia darasa la nane kwa jina lake, utaingia shule, na hakuna atakayejua."

Mpaka leo sijasikia uongo uliopangwa vizuri namna hiyo. Na ubaya wake ni kwamba nusu yake ni kweli. Karo yangu haikuwepo na isingepatikana, hata mama angefua nguo za mkoa mzima. Mmoja wetu angesoma au hakuna. Nilijua hivyo, nikakataa vilevile, na kukataa kwangu hakukuwa na uzito wowote.

Basi tukaanza mazoezi, na sisemi ya mpira. Zilikuwa zimebaki wiki tatu shule zifunguliwe, na mama aliogopa dada ataitwa jina langu darasani akose kuitika. Kila tukikaa kula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, mama alishika mwiko. Anaita jina langu, dada aitike. Anaita jina la dada, niitike mimi. Ukiitika la zamani, mwiko kwenye vidole. Mwanzoni tulicheka, tukachekelea mpaka mama naye akacheka. Siku ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka, vidole vimevimba. Siku ya tano mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwaitu, leta chumvi."

Nikainuka. Mwiko ukanipata kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa anamwita yeye.

Dada akaleta chumvi. Akaiweka mbele ya mama na nikaona anauma midomo ili asitabasamu. Mengine yote nimemsamehe, au nimejaribu. Hilo la chumvi sijamsamehe.

Siku ya kwenda Kajiado nililibeba lile sanduku mimi, kwa sababu mwalimu alisema mchezaji asiumize mabega. Askari wa lango akaliona jina, akanitazama mimi niliyelibeba, kimo cha kidato cha kwanza, akasema karibu msichana wetu. Dada akasema hapana, ni mimi. Askari akamkagua kutoka miguuni mpaka juu, safari ndefu hiyo, akaguna akafungua. Akaniuliza mimi naitwa nani ili aandike kwenye daftari la wageni. Nikamwambia jina la dada. Ndiyo mara ya kwanza nililisema mwenyewe, na halikunishinda.

Mwaka ujao ulikuja ukapita. Mama alisema ningoje kidogo, halafu akasikia shamba la maua huko Isinya linaandika watu, wanataka wenye kitambulisho. Nilikuwa sijafika umri, lakini kwenye cheti cha dada nilikuwa nimeufika na kuupita. Kwenye ofisi ya vitambulisho karani alinitazama akawaita wenzake waje waone mtu mzima mwenye kimo cha darasa la sita. Wakacheka, wakanipiga picha, wakanipa. Nikaingia kwenye greenhouse kukata waridi nikiwa na miaka kumi na tano, mikono imechanjwa na miiba. Msimamizi wetu Mmaasai alikuwa ananisalimia sopa kila asubuhi na kuniita jina la nyanya nisiyempenda. Akili yangu iliendelea kungoja. Ilingoja mpaka ikachoka, ikalala.

Yeye alipanda. Sitasema alibebwa, maana hakubebwa. Alikuwa anaamka saa kumi na moja kukimbia kabla wenzake hawajaoga, na darasani walimwinua hivyohivyo, mtihani kwa mtihani, kwa sababu shule haikutaka kumpoteza. Alipokuwa kidato cha tatu fainali zilichezewa hapo kwao Kajiado, nikaomba ruhusa shambani nikaenda na mama. Uwanja ulijaa mpaka kwenye ua. Zilipobaki dakika mbili wakiwa nyuma, akachukua mpira na hakumpa mtu mwingine tena. Nguzo ile ya stima niliiona kwenye kila mrusho. Kisha wasichana mia tatu wakaanza kuliita jina langu, kwa kupiga makofi, taratibu, halafu haraka. Nikasimama. Sikufikiri, mwili ulisimama wenyewe, kama mtu aliyeitwa. Mama akanivuta sketi.

"Keti," akasema. "Watu wanaona."

Akashinda. Baada ya hapo ikawa klabu ya Nairobi, halafu chuo cha Amerika, halafu timu za kulipwa Ulaya, nchi moja baada ya nyingine. Picha yake ikatoka gazetini, na chini yake jina langu, na mwaka wangu wa kuzaliwa, na wakasifu jinsi alivyo bado mdogo. Mtaani mama aliacha kuitwa kwa jina la zamani la dada, kifungua mimba wake, akawa anaitwa mama wa jina langu, na aliitika kwa furaha. Akajengewa nyumba ya mawe yenye geti. Nami nikapewa chumba cha nyuma, sikatai, kilikuwa na stima na maji.

Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alikaa siku nne, akanenepesha mtaa mzima kwa soda, na siku ya kuondoka akanipa jezi ya timu yake, imekunjwa kwenye plastiki. Nilipoifungua nikaona mgongoni jina la susu, kubwa, jekundu. Akasema amenichagulia hiyo makusudi kwa sababu ina jina langu. Alisema kwa moyo mweupe. Huyo ndiye dada yangu: angekuwa ananidhihaki ningemwelewa. Nilijaribu kuifanya tambara la kupangusia sakafu, lakini kitambaa chenyewe hakishiki maji, nikaitupa.

Nilimwambia wakati huo, tukiwa wawili jikoni, kwamba sitaki chochote chake. Nataka aseme mara moja tu, mbele ya mama, kwamba mwaitu ni mimi. Akanijibu kwamba sisi si watoto tena. Halafu akaniuliza kama nataka simu.

Ile simu niliipokea, na ndiyo iliyobaki kati yetu. Miaka michache baadaye mama akapooza upande wa kulia, akaanguka kwenye mlango wa nyumba yake ya mawe. Hospitali ya Kajiado wakatuweka mwezi mmoja wakaturudisha nyumbani. Dada alikuwa katikati ya msimu, mkataba haukumruhusu, hivyo alisema. Nikaacha maua nikaanza kumwosha mama. Kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko, kumfuta, kubadilisha shuka. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona, inabidi uweke sikio mdomoni. Miezi saba. Na nitasema ukweli, ile miezi ilikuwa na raha yake, kwa sababu alikuwa wangu peke yangu na hakukuwa na mpira ndani yake.

Alhamisi moja mchana nilikuwa namsugua mgongo kwa maji ya vuguvugu, nikasikia, "Mwaitu."

Miaka mingi ilikuwa imepita sijaitwa hivyo. Nikaacha kitambaa kikazama kwenye beseni. Nikainama mpaka shavu likagusa lake, nikasema, niko hapa, mwaitu ni mimi, unataka nini?

Akanitazama vizuri. Hakuwa amechanganyikiwa, ningependa kusema alikuwa amechanganyikiwa.

"Si wewe," akasema. "Yule wa mpira. Niitie."

Nikamwambia sawa. Nikamaliza mgongo, nikamkausha, nikampaka mafuta, nikamvika. Sikumpunguzia kitu.

Dada alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Kwa kawaida nilikuwa namwekea mama simu sikioni, halafu mdomoni, anong'one. Jumapili iliyofuata simu ikalia, mama akageuza macho. Nikaishika, nikakaa kwenye kiti pale mbele yake anione. Dada akauliza mama yuko macho? Nikamwambia amelala. Mama akafungua mdomo, na alichosema hakikufika hata katikati ya chumba. Mkono wake mzima ukapapasa blanketi.

Jumapili ya pili, amelala. Jumapili ya tatu dada akaniomba nimwamshe kidogo tu, asikie sauti yake tu. Mama alikuwa ananitazama, machozi yakimwingia sikioni kwa sababu hakuweza kuyafuta.

"Daktari amekataa asiamshwe," nikasema. "Piga Jumapili ijayo."

Akafa Ijumaa. Dada alikuja kuzika akiwa na miwani myeusi, akanikumbatia mbele ya watu wote, akanishukuru kwa kumtunza mama, akaniuliza kama kuna neno lolote mama alimwachia. Nikamwambia hapana, mama alilala tu.