Mbolea Chini ya Pikapu ya Baba

Baba alikuwa haoshi gari lake. Alilinunua miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungua biashara na pikapu za mtumba kutoka Japani zilipoanza kuingia kwa wingi, akawa anawabebea wakulima mbolea ya chai. Mifuko ilivuja, mbolea ikajaa kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, naye akasema mvua ya Tukuyu inamwoshea bure. Inaosha nini! Ilikuwa inaikoroga mbolea tu.

Nilikuwa likizo kutoka chuoni, ambako nilisomea uchovu wa vyuma, yaani jinsi chuma kinavyopasuka kikipindwa mara nyingi. Nilipomwambia hivyo baba, alicheka mpaka akapaliwa.

"Chuma kichoke, mwanangu? Kimelima wapi?"

Nilipandwa na hasira, nikatafuta nyaya tatu. Wa kwanza niliukunja na kuukunjua kila siku ukiwa mkavu. Wa pili niliulaza tu kwenye maji ya mbolea. Wa tatu niliukunja humohumo ndani ya maji. Ule wa tatu ulikatika, wenzake wakiwa bado wazima. Kila ukipinda, ufa mdogo hufunguka, maji ya mbolea yakaingia na kuula kwa ndani, na gari nalo, nikamwambia baba, hupinda hivyohivyo kwenye kila shimo.

"Gari langu si waya," akasema baba, akaendelea na chai yake.

Jumamosi iliyofuata alikuwa ampeleke mama na kwaya yake harusini Masukulu, akina mama wamesimama nyuma wanaimba, kwenye miteremko ile. Niliogopa sana chesisi isije ikakatikia mteremkoni. Asubuhi nikaingia chini ya gari, topeni, nikakataa kutoka mpaka aje.

Alikuja amenuna. Nilikuwa nimesugua kutu, nimepaka mafuta ya taa na kuyafuta, kisha nimepaka vumbi la chaki. Tukasubiri. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kutoka, yakachora mstari mweusi kwenye chaki, kutoka ukingo mmoja wa chesisi karibu mpaka wa pili.

Baba akaupitisha ukucha pale. "Kyala," akanong'ona, akimtaja Mungu kwa lugha ya nyumbani. Akatoa funguo mfukoni, akanipa mimi.

Mama akatokea amejifunga kitenge cha sare, akauliza tunangoja nini. Kusikia gari haliendi, alitugombeza wote wawili mpaka jioni: harusi imempita, kwaya imeaibika, na mimi nimechafuka kama nguruwe. Nilikaa jikoni karibu naye nikimsikiliza, sikutaka anyamaze.