Helisi ya Mzigo

Bonaventure wa Kalundu hakuzaliwa mtu wa maji. Alizaliwa Runingu, kwenye bonde la Ruzizi, kwa wazee waliolima mihogo na mpunga, na Ziwa Tanganyika alianza kulizoea akiwa na miaka kumi na sita. Lakini ukitaka kumchokoza, mwambie mtu wa mashamba hajui mota. Watu waliozaliwa ufukweni, na baba zao kabla yao, ndio waliomletea mota zao zikiwa zimekufa. Aliwatengenezea, na huku mikono ikifanya kazi aliwatukana taratibu, kwa adabu zote.

Kazi alifundishwa na Mgiriki mmoja aliyevua ndagala, dagaa wa ziwa, kabla ya uhuru. Mwaka wa sitini Mgiriki huyo alihamia Bujumbura, na mota yake ya nguvu ya farasi kumi na nane akawaachia Bonaventure na shemeji yake Étienne, kwa sababu haikutoshea kwenye gari. Étienne alikuwa mume wa Pélagie, dada yake Bonaventure, na ndiye aliyekuwa nahodha wa mtumbwi.

Pamoja na mota waliachiwa helisi mbili. Helisi ni ile feni ya chuma iliyo chini ya mota, inayozunguka majini na kusukuma mtumbwi. Moja mapanga yake yalipinda sana, na kila mzunguko ulirusha mtumbwi mbali. Nyingine mapanga yake yalikuwa mapana, yamelala, yakisogeza kidogo kidogo lakini bila kuchoka. Wakaziita ya mbio na ya mzigo.

Sasa, Kalundu ilikuwa na desturi yake. Aliyepata helisi mpya aliijaribu Jumapili baada ya misa, mbele ya watu wote, mtumbwi ukiwa mtupu, na yeye peke yake nyuma ndani ya shati safi. Mtumbwi ukiinua pua, wanawake wanapiga vigelegele, basi, helisi imeshachaguliwa. Bonaventure aliketi pembeni akisonya.

"Muvuvi gani anaenda kuvua bila wavu?" aliuliza. "Minye napima na muzigo."

Kipimo chake kilikuwa hivi: nyavu ziwe ndani, taa ziwe ndani, kila mtu akae mahali pake, kisha mota ifunguliwe mpaka mwisho, naye asikilize. Ikinguruma kwa sauti nzito, ya kubanwa, ujue helisi imeizidi nguvu na mota inajiua. Ikipiga ukelele na mtumbwi hauendi, helisi ni ndogo mno. Bahati mbaya wavuvi walipenda ngurumo. Waliiona ndiyo nguvu yenyewe.

"Mutu anapanda mulima ya Bijombo na gunia ya mihogo ku kichwa," aliwaambia. "Iko nachukua hatua murefu?"

"Hapana."

"Basi na mota iko vile vile."

Étienne alicheka tu. Alikuwa mtu wa sherehe, mpenda watu, na alipenda kufika wa kwanza asubuhi ili wanunuzi waanze na ndagala wake. Mwaka wa sitini na mbili alipakia nyavu mbili na watu tisa wazima, akafunga ya mbio. Katikati ya ziwa pistoni ikakwama. Walirudi kwa makasia, viganja vimechubuka. Bonaventure aliipasua mota, akaitengeneza kwa wiki tatu na vyuma vya kuokoteza, wala hakusema neno. Kimya hicho kilimuuma Étienne kuliko matusi. Tangu siku hiyo wakaelewana: kuvua, ya mzigo; safari ya watu wachache, ya mbio.

Mwezi wa tano mwaka wa sitini na nne, vita ya Mulele, uasi dhidi ya serikali, ikaingia Uvira, mji ulio jirani na Kalundu. Milio ya bunduki ilianza asubuhi upande wa mji, na ilipofika saa nane mchana njia ya Kavimvira, ile ya mpaka wa Burundi, ilikuwa imefungwa. Lililobaki ni ziwa. Asubuhi hiyo Étienne alikuwa amempeleka mgonjwa Makobola, kwa hiyo helisi ya mbio ndiyo iliyokuwa kwenye mota, na ya mzigo imelala mtumbwini.

Walifika ufukweni watu tisa wa nyumba zao mbili, wengi wao watoto. Walipokuwa wanausukuma mtumbwi majini, akatokea jirani yao Ernestine na watoto wanne. Nyuma yake wakaja wengine. Bonaventure akahesabu: ishirini na watatu.

"Tisa, shemeji," Étienne alimwambia kwa sauti ya chini. "Na hii ya mbio, mbele ya bale ba bunduki kutokea kule ku mashamba ya mihogo, tuko mbali. Tukibeba bote, risasi itatufikia."

Hakukosea, na hilo ndilo lililomtesa Bonaventure. Kwa ya mbio na watu tisa, dakika tatu zingewatoa kwenye masafa ya bunduki. Kwa ya mzigo na watu wote, dakika tisa au kumi, mbali na muda wa kubadilisha. Na ya mbio na watu wote ilikuwa pistoni tena, katikati ya maji, na watoto hawapigi makasia.

Alimtazama mkewe, Anne-Marie, ambaye alikuwa ameshaketi mtumbwini. Anne-Marie alisogea kando, akanyoosha mikono na kumpokea mtoto mdogo wa Ernestine, akampakata. Bonaventure akachukua koleo.

Aliinua mota, akanyoosha pini, akaivuta, akafungua kofia inayoshika helisi. Akaichomoa ya mbio.

"Weye Bona, unatuua!" Étienne alipiga kelele. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, akaingia majini mpaka kifuani, akaushika mtumbwi usiyumbe na kumpa helisi ya mzigo mkononi. "Fanya mbio basi."

Mota iliwaka mara ya pili ya kuvuta kamba. Étienne akapanda, akashika usukani kama siku zote, na mahali pa usukani ni nyuma, juu kuliko wengine. Mtumbwi ulikwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Watu wakainama. Wakati fulani risasi mbili zilitoka upande wa mihogo. Hawakujua waliopiga ni wa upande gani. Ya pili ilimpata Étienne chini ya bega. Hakuachia usukani mpaka Bonaventure alipouweka mkono wake juu ya wake.

Alikufa kabla hawajafika katikati, kichwa kikiwa mapajani mwa Pélagie. Ng'ambo ya Burundi walishuka watu ishirini na wawili.

Familia hizo mbili ziliishi Rumonge, huko huko Burundi, nyumba jirani, na Bonaventure akaendelea kufufua mota za watu. Kila siku alimngojea dada yake amuulize kwa nini alibadilisha helisi. Alikuwa amepanga majibu, yenye dakika na uzito wa mtumbwi, na aliyachukia yote. Pélagie hakuuliza. Alimsalimia, alimpikia alipougua, akamwita kaka kama zamani.

Mwaka wa tatu, siku moja Ernestine alipita kuwaaga, yeye na watoto wake wanne, wote wamerefuka. Walipoondoka, Pélagie alibaki anachambua ndagala kwenye ungo, naye Bonaventure amesimama mlangoni hajui pa kuweka mikono.

"Banne," Pélagie alisema bila kuinua macho. "Na bale bengine. Minye nabahesabu kila siku, kaka. Ulichagua muzuri."

Bonaventure alipiga hatua moja kuelekea kwake.

"Lakini usingojee nikushukuru," alisema Pélagie. "Ile, siwezi."

"Ndiyo," Bonaventure akajibu. Akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa ungo, wakachambua.