Kitufe cha Kuongeza Mwenye Fahali

Yule dada alipoletwa katika ofisi yetu ya kutengeneza tovuti mjini Kakamega, mimi ndiye niliyemwonyesha mahali pa kuchomeka kompyuta. Miezi michache baadaye bosi alikuwa akimwita "mwalimu," nami nikiungua ndani kwa ndani. Nilimwonea wivu hadi namna alivyokunywa chai.

Kisha wenye mafahali wa Malinya wakataka fomu ya mtandaoni ya kuandikisha mafahali kabla ya pambano la kuwapiganisha. Bosi akatuambia kila mmoja atengeneze yake. Ambaye fomu yake ingefaa siku ya kuandikisha angepewa kazi ya kudumu.

Yangu ilikuwa kali. Namba ya simu ikipungua tarakimu moja, inakataa. Kitambulisho kikiwa na herufi, inakataa. Ila ilikuwa na nafasi ya mwenye fahali mmoja tu. Yake ilikuwa na kitufe: "Ongeza mwenye fahali." Ukikibonyeza, visanduku vipya vya jina na simu vinajitokeza chini. Mbona sikuwaza hilo mimi, mzaliwa wa huko huko Ikolomani, ninayejua fahali hulelewa na ukoo mzima? Yeye ni wa mjini! Roho iliniuma.

Nikaichokonoa fomu yake nikitafuta kasoro, nikaipata. Ukiongeza mtu kisha ukamfuta, visanduku vyake vinatoweka, lakini fomu bado inadai vijazwe na haikubali kutumwa. Kurekebisha ni mistari miwili tu. Nilifunga kompyuta, nikaenda zangu kula.

Siku ya kuandikisha, ndugu watatu walifika na fahali wao. Dada akawaandika wote watatu, kisha kwa haraka akabonyeza kitufe mara moja zaidi, akafuta. Fomu ikagoma. Akaifungua upya; kwa kuwa aliitengeneza ikumbuke kila kitu hata mtandao ukikatika, ikarudi na dai lile lile. Watu wakaanza kucheka. Jasho lilimtoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Leta yako," bosi akaniambia.

Yangu ilifunguka vizuri. "Niandike nani?" nikauliza.

Ndugu wakatazamana. "Huyu tumemlishanga sisi watatu," alisema mkubwa wao. "Lakini kama ni mmoja, andika mimi."

"Wewe? Kwani nani alikuwa anamkatia nyasi?" mdogo akaruka.

Sauti zilipanda. Mwishowe walimfungua fahali wakamrudisha nyumbani, kila mmoja akitembea peke yake.

"Angalau yako haikukwama," bosi aliniambia. Kazi ikawa yangu.

Tulipokuwa tukikunja meza, dada alinijia, macho mekundu. "Kaka, wewe unaonanga makosa haraka. Kama ungeliona hili, si ungeniambia?"

"Ningekuambia," nikasema.

Akanishukuru.