Fundi wa Mtandao wa Mususa

Kila anayekuja kwenye ofisi ya kampuni ya simu mtaani Mususa kulalamikia simu, fundi wa mtandao humpokea kwa sauti ya padri, huku vidole vyake vikizungusha kalamu ambayo haiandiki kitu. "Antena inabeba bote pamoja, kila mutu na code yake," humwambia. "Mais mukikuwa bengi, sauti ya moja inakuwa kelele kwa mwingine. Donc shida hapana antena. Shida ni ninyi." Kisha hufuta meza, ingawa ni safi.

Asubuhi moja zilikuja habari za risasi njia ya Kamango, na Butembo nzima ikapiga simu kwa pamoja. Kavuo, ambaye mumewe alikuwa safarini huko, alipiga mara arobaini bila kumpata, akakimbilia ofisini.

"Mama, capacité ya antena..." fundi akaanza.

"Njo nani anapashwa kunyamaza," Kavuo akauliza, "miye ao bale banapiga masasi?"

Kalamu ikatulia. Fundi akachungulia mlangoni, akatoa simu nyingine kwenye droo, akapiga namba aliyotajiwa na Kavuo. Mume akaitika papo hapo. Alikuwa salama, kanisani. Kavuo alilia, kisha akataka kujua ni mtandao gani uliompata mumewe. Fundi alikuwa ameshafunika jina la kampuni pinzani kwenye kioo cha simu kwa kidole gumba.