Giza Katika Picha za Mama Yakub

Kwa miaka mitatu tulimdanganya Mama Yakub, tena tulimdanganya kwa adabu. Nikiikumbuka adabu ile damu inanichemka hadi leo, maana na mimi nilikuwamo.

Jina lake ni Hawo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwuza leso na buibui katika duka jembamba karibu na msikiti wa Kitale. Mwanawe Yakub alipopata kazi Mombasa alimwachia kamera yake ya filamu, ile ya zamani ambayo kila kitu unazungusha kwa mkono. Mwingine angeifungia kabatini. Yeye alinunua filamu, akawa anafunga duka saa kumi na kwenda sokoni kupiga picha za wauza mboga. Mwaka wa 2002 akajiunga na kikundi chetu.

Tulikuwa watu wanane wenye ugonjwa huo huo wa kamera, na hakuna aliyeutegemea kwa chakula. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikutana katika chumba cha nyuma cha Farid, fundi wa redio, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti. Unaleta picha zako tatu, unazipanga mezani, unanyamaza. Sheria ilikuwa kwamba mwenye picha hafungui mdomo hadi wote wamalize kusema. Na kila msemaji ataje kwanza jambo moja zuri, kisha jambo moja la kurekebisha. Farid aliiandika kwenye kadibodi na kuibandika ukutani ili mtu asije akajifanya hakusikia.

Na tulisema. Phanice, nesi, aliambiwa anakata watu miguu hadi akaacha. Farid mwenyewe aliambiwa picha zake zimepinda kama nyumba inayotaka kuanguka. Lakini ikifika zamu ya Mama Yakub, kila mtu alitaja jambo zuri akaishia hapo. Alikuwa na umri wa mama zetu. Isitoshe, alikuja na chupa mbili za chai ya tangawizi na sinia la mahamri, na ni nani atamkosoa mwenye mahamri huku mdomo umejaa?

Kosa lake lilikuwa moja tu, na mtoto angeliona. Aliwapanga watu wakiupa mwanga mgongo. Kama ni nje, jua liko nyuma yao; kama ni ndani, dirisha liko nyuma yao. Aliniambia siku moja kwamba si heshima kumsimamisha mtu akodolee jua macho kwa ajili ya picha yako. Basi kamera ilipima ule mwanga wa nyuma, na nyuso zikatoka nyeusi tii, bila jicho wala pua.

Wala usidhani hakushuku. Mwezi wake wa pili tu nasi aliuliza, "Hii sura haionekani vizuri, ama ni macho yangu?"

Farid akasema, "Hapana Mama, hiyo ndio staili yako. Hiyo giza ina siri ndani."

Tukatikisa vichwa, sote. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimefundisha mwanga na filamu darasani, na kichwa changu kilitikisika pamoja na vingine. Mama Yakub akaamini. Toka siku hiyo akaanza kuwatafutia watu madirisha.

Aprili 2005, mpwa wake Shamira aliolewa kwao Bungoma. Ndani, kwenye chumba cha wanawake, mpiga picha wa kiume hakanyagi, kwa hivyo kazi ikawa ya Mama Yakub. Ila si bibi harusi aliyemnyima usingizi. Ni mama mzazi wa Mama Yakub mwenyewe, ajuza wa miaka themanini, ambaye hakuwa na picha duniani isipokuwa ile ya kitambulisho. Siku alipopigwa hiyo, mwanamume mwenye kamera alimwamuru avute ushungi nyuma mbele ya foleni nzima. Akaapa hatapigwa tena. Wanawe walimbembeleza miaka na miaka. Sasa, kwa sababu ya Shamira, alikuwa amekubali: mara moja, chumbani, kwa mkono wa binti yake, na filamu ikaoshwe na mwanamke. Mama Yakub alitusimulia hayo yote Jumamosi ya kabla ya harusi, na furaha ilimjaa hata akasahau kumimina chai.

Hapo ndipo pa kunichapa viboko. Nilijua atamweka wapi yule ajuza. Niliyaona yale maneno kabisa: Mama, mgeuze atazame dirisha. Maneno manne. Nikaona nitamharibia furaha yake. Nikachukua mahamri.

Jumamosi ya Mei alikuja mikono mitupu, bila chai. Alipanga picha sita mezani akakunja mikono.

Dirisha lilitoka vizuri ajabu. Mapazia yenye maua, kila ua na rangi yake. Mbele ya mapazia hayo walikaa watu ambao huwezi kujua kama ni watu au magunia. Yule wa katikati alikuwa mfupi, ameinama kidogo, na mahali pa uso palikuwa na doa jeusi ndani ya ushungi.

Nilidhani sasa tutasema. Phanice akaanza, "Mama, hii dirisha imetoka mzuli sana. Hata pazia inaonekana vile ilishonwa." Akaishia hapo. Farid akajikuna shingo, akasema, "Staili yako haijapotea, Mama. Iko palepale."

Hasira ilinipanda nikashindwa kujua ninamkasirikia nani. Zamu ikanifikia.

"Hakuna zuri hapa," nilisema. "Nyuso hazionekani. Umewaweka mgongo kwa dirisha. Ungewageuza tu wakatazama mwanga, ingetosha."

Mwenye picha haruhusiwi kusema. Yeye alisema. "Ulijua lini, Mwalimu?"

"Mama, hebu kwanza—"

"Nimeuliza ulijua lini."

"Tangu ile ya wauza mboga."

"Hiyo ni 2002."

"Ndiyo."

Akamtazama Farid, akamtazama Phanice, mmoja mmoja akituzunguka. "Mnajua kwa nini nimeleta picha ya wanawake mbele ya wanaume?" alisema. "Kwa sababu hakuna mwanamke anaonekana. Shamira alinirudishia hizi analia. Mama yangu ameuliza picha yake iko wapi, nikamwambia bado inaoshwa. Mimi, mtu mzima, namdanganya mama yangu." Akazikusanya picha. "Jumapili twende Bungoma, Mwalimu. Utamwambia wewe mwenyewe."

Ningeweza kukataa. Nilienda, na ninaomba nisisifiwe kwa hilo.

Nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma ya msikiti. Mimi niliketishwa sebuleni. Ajuza alikuwa chumba cha ndani, pazia limeteremshwa kati yetu. Nilimwamkia. Akaitikia. Nikaeleza habari ya mwanga na dirisha kama ninavyoeleza darasani, na sauti yangu mwenyewe ikanichukiza.

"Sasa wewe," alisema nyuma ya pazia, "uliona binti yangu akikosea miaka mitatu?"

"Niliona, nyanya."

"Na mlikuwa mnakula kwake?"

"Tulikuwa tunakula."

"Na siku anakuja kunipiga mimi, ulijua?"

"Nilijua. Niliona aibu kumwambia."

Nikasikia Mama Yakub akipiga magoti mle ndani. "Mama, nimeleta kamera. Ni kugeuza kiti tu. Dakika moja."

"Nilisema mara moja," ajuza akajibu.

"Mama, tafadhali."

"Mara moja ilikuwa ile. Ile siku nilivaa, nilipakwa wanja, nilikaa vile uliniambia. Sitarudia. Mpe mgeni maji anywe aende."

Niliyanywa yale maji.

Mama Yakub alinisindikiza hadi barabarani. Hakuwa akilia. Alitembea haraka, kamera ikimgonga kifuani, na mimi nikawa namfuata nyuma nikiomba radhi kama mwanafunzi aliyekamatwa. Nilimwambia kwamba kuanzia sasa nitamwambia kila kosa, hata akinichukia. Nikamwambia kikundi kimeoza, kinataka kuvunjwa na kuanzishwa upya.

Akasimama. "Wewe picha zako ni mbovu," alisema.

Nilidhani ananitukana tu, nikatikisa kichwa kukubali.

"Si matusi. Nakurekebisha. Unasimama mbali. Kila picha yako, watu ni kama sisimizi. Umepiga harusi, umepiga mazishi kule Kapsokwony, umepiga mpaka watoto wako, na hakuna mtu mmoja nimewahi kumwona uso. Unaogopa watu, Mwalimu. Ungesonga hatua kumi mbele, ungekuwa mpiga picha."

Nikazipitisha kichwani, albamu baada ya albamu. Mke wangu mlangoni, mdogo kama kidole. Baba yangu shambani, kofia tu, siku za mwisho za uhai wake. Miaka sita ya picha, na alikuwa amesema kweli.

"Hiyo ni kuona kwako wewe, ama wengine pia wanaona?"

"Wote. Farid, Phanice, wote. Tunaisemaga ukishatoka."

Nilisikia masikio yakiwaka moto. Miaka yote hiyo walikuwa wakinisikiliza nikikosoa wengine, na mlango ukifungwa nyuma yangu wananicheka. Nilimkasirikia mama yule kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, pale pale barabarani, karibu na nyumba ya mama yake.

"Mbona hukuniambia?" nilifoka.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Tulikuheshimu."