Ingobyi Begani kwa Bibi

Juzi nilitoka Nyabusozi, nilikoolewa, nikabadilisha basi Nyakanazi, nikaenda Mugoma, nilikozaliwa, kumwona dada yangu. Jumapili akanipeleka kanisani. Kanisa ni jipya, lina vigae na maikrofoni. Nikazunguka ukuta wote nikitafuta pale ilipokuwa ikining'inizwa ingobyi. Hakuna. Vijana wakaniuliza, bibi umepoteza nini? Nikawaambia kaeni chini.

Wewe wa umri wangu unaikumbuka. Machela ya fito zilizosukwa, inafungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wanaweka begani. Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya milima. Ukiugua, gari lako ni miguu ya majirani. Sheria ilikuwa moja: anayebeba wenzake hubebwa. Asiyebeba, ndugu zake wajue wenyewe. Na mwanamke hakugusa ile miti. Kazi ya mwanamke ilikuwa kufuata nyuma na kibuyu cha uji.

Tulikuwa na jirani mwenye ng'ombe. Akiitwa kubeba, ng'ombe wake wanaumwa. Akiitwa tena, ng'ombe wamepotea. Ndugu hakuwa nao karibu.

Jumapili moja tumetoka ibadani, tumekaa kwenye majani, ndizi na maharage vimepakuliwa, harufu imejaa uwanja mzima. Jirani akaja mbio. Mkewe alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto hashuki, na mkunga kashindwa. Akasalimia wazee shikamoo. Wakaitika marahaba, wakaendelea kula.

"Nisaidieni, baba zangu. Atakufa."

"Wafungie ng'ombe wako ile miti," mmoja akasema. "Wana miguu minne kila mmoja, watawahi."

"Labda na leo wanaumwa," mwingine akadakia. Watu wakacheka. Jirani akasimama pale, mikono inamning'inia.

Bibi yangu hakucheka. Alikuwa mama wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kukemea. Akaweka sahani chini, akakaza kanga kiunoni, akaenda ukutani, akashusha ingobyi. Akaweka mti mmoja begani. Ule mwingine ukawa unaburutika chini.

Katekista akainuka. "Mama, wanawake hawabebi."

"Basi beba wewe, baba. Umetoka kutusomea habari za Msamaria sasa hivi. Au ilikuwa ya kusoma tu?"

Nyuma ya bibi akasimama mama mmoja, halafu mwingine, wakaokota ule mti wa chini. Katekista akavua kanzu yake nyeupe, akaikunja, akanipa niishike, akaenda kushika mbele. Hapo ndipo wanaume wakaona aibu. Walikuja wakinung'unika, lakini walikuja. Wakampakia yule mama, wakapanda mlima, mmoja anaimba wengine wanaitikia, wakichoka wanapokezana. Bibi hakukubali kupokewa mpaka kilele cha kwanza.

Mama yule akapona. Mtoto hakupona. Siku hiyo jioni nilimkanda bibi bega kwa maji ya moto, limevimba kama kiazi.

Ningependa kukuambia kwamba jirani alibadilika. Hakubadilika. Mavuno hayajaisha, mzee mmoja akaanguka, jirani akaitwa, akatuma neno kwamba ng'ombe wanazaa. Wanaume wakamfuata bibi uani, wamekasirika kwelikweli.

"Umemwona mtu wako, mama?"

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha. "Mimi sikuwaambia tumponye yeye. Aliyekuwa anaumwa ni mkewe."

Wakaondoka. Wakaenda kumbeba mzee, bila jirani. Na mwaka uliofuata mke wa jirani akashikwa na uchungu tena, nao wakambeba tena, wakimtukana mumewe njia nzima, mwenyewe akifuata nyuma na kibuyu cha uji. Safari hiyo mtoto alilia.

Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Watu walikata roho kwenye mlima ule. Siku hizi kuna lami na gari la wagonjwa, namshukuru Mungu. Ila wanaume wa Mugoma wa wakati ule walikuwa na sugu begani, ngumu kama kisigino. Ukimwona mtu akioga mtoni, hukuwa na haja ya kumuuliza kama anasali. Hawa wajukuu zangu wanasali vizuri, kwa sauti kubwa. Mabega yao nimeyashika moja moja. Ni laini.