Siku Bibi Aliposema Sijui Sindano

Nikisikia harufu ya kitambaa kipya cha pamba kikitoswa kwenye karai la maji, ile harufu ya wanga iliyo kama uji uliolala, vidole vyangu huanza kutafuta sindano kabla sijajua ninawaza nini. Haya ninayaandika katika daftari nisilojua atakayelisoma. Kisomo changu ni kidogo, na nikikosea mahali mtanisamehe. Lakini jambo hili limenikaa kooni miaka mingi, na nimechoka kulimeza.

Nililelewa Kisenyi na bibi, mama yake mama. Watu wetu walifika Kampala zamani na misafara ya biashara, wakabaki, na nyumbani tulisema Kiswahili huku majirani wakisema Kiganda. Bibi alikuwa akidarizi kanzu. Mnaijua ile nakshi ya hariri nyekundu inayozunguka shingo na kushuka kifuani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na tangu nina miaka minane ikawa yangu pia. Hakuwa na futi ya kupimia. Alikuwa na uzi. Aliuzungusha shingoni mwa mteja, akaukunja katikati, akaukunja tena, na tena, kisha akatia chaki kila mkunjo ulipoangukia. Hapo ndipo maua yalipokaa, manane, yakitazamana bila hata moja kusogea. Nikikosea mkunjo mmoja, alinifumulisha kazi yote.

"Fumua," alikuwa akisema bila kuinua macho. "Huyu mtu ataivaa msikitini. Unataka watu waache kusali wamtazame shingo?"

Enzi ile ilikuwa ya wanajeshi. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, maduka yamebaki rafu tupu, na kitambaa kilipatikana kwa magendo tu, kikivushwa mpakani chini ya magunia ya maharage. Kukutwa na jora mbili ndani ya nyumba ilikuwa kesi. Jirani yetu mmoja alichukuliwa asubuhi kweupe pamoja na jora zake, kwenye gari moja. Jora zilionekana baadaye zikiuzwa. Yeye hakuonekana. Basi cherehani ya bibi ikafunikwa blanketi, maana mlio wake ulifika barabarani, nasi tukawa tunashona kwa mkono nyuma ya pazia, kimya kama watu wanaochambua mchele. Ikikaribia Idi au miezi ya harusi, kazi ilivishinda vidole vya bibi, nami nikabaki nyumbani. Siku mbili shule, siku tatu kanzu.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa Kibuli, na nilikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani wa kumaliza. Tulibanana wanne kwenye dawati la wawili. Mwalimu wetu, Mwalimu Ssali, alikuwa mtu mrefu mwenye koti moja. Nimpe haki yake. Wenzake wawili walikuwa wamekimbilia Nairobi, na alifundisha madarasa matatu peke yake, akitoka mlango huu na kuingia ule na kipande kilekile cha chaki. Hakupiga sana. Alichoka tu.

Siku moja alitupa jaribio la hesabu. Fundi ana yadi kumi na mbili za kitambaa, kila nguo inachukua yadi tatu, atapata nguo ngapi? Mimi niliandika: nguo tatu, na moja ya mtoto. Sikuwa nafanya mzaha. Kitambaa kipya lazima kitoswe kwanza, na kikitoswa kinanywea. Ukikata kabla ya kukitosa, mteja atakurudia kanzu ikimfika magotini. Katika yadi kumi na mbili za pamba ile ya magendo, kanzu ya nne ya mtu mzima haimo. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu.

Mwalimu alichora mkasi wa kosa kwa wino mwekundu juu ya jibu langu, akanisimamisha.

"Rehema, hii ya mtoto umetoa wapi?"

Darasa zima likageuka. Nikatazama sakafu. Ili nijibu, ilinipasa nitaje karai, na nikitaja karai nimetaja kitambaa, na watoto wa askari walikuwa wamekaa nyuma yangu. Nikakaa chini. Tangu siku hiyo wakaniita Tatu-na-ya-Mtoto. Mmoja akinikuta njiani alinipimia bega kwa viganja na kuniuliza, "Fundi, mimi nitatoka mzima au nusu?" Hata mimi nilicheka, siku ya kwanza. Na niseme kweli, hesabu nyingine nilizokosa, nilizikosa kweli.

Muhula wa mwisho ulipokaribia, hedimasta alitoa agizo. Mtoto aliyekosa siku nyingi, jina lake lisiende kwenye orodha ya mtihani, ila kama ana sababu. Bila orodha hapakuwa na mtihani, na bila mtihani hapakuwa na sekondari. Nilitaka sekondari kwa hamu ambayo hata leo naona haya kuiandika. Nikamwambia bibi kwamba ameitwa shuleni.

Alivaa buibui lake jema tukapanda mlima wa Kibuli kwa miguu. Ofisini palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa askari, sajini, aliyekuja kwa shida ya mwanawe, kofia ameiweka gotini. Kwa haki yake, alisimama akampisha bibi, akamwamkia shikamoo. Lakini nilimwona bibi alivyovuta ncha ya buibui kufunika mkono wake wenye dole lililochomwachomwa na sindano.

Mwalimu Ssali alikuwa na kalamu mkononi na karatasi ya kuandikia sababu mbele yake.

"Jjajja, karibu," alimwambia, maana huko kwetu ndivyo bibi wa mtu anavyoitwa kwa heshima. "Mtoto yako si mbaya. Lakini shule anakuja leo, kesho hapana. Nyumbani anafanya nini?"

Bibi akacheka kicheko kidogo. "Huyu? Hafanyi kitu, mwalimu."

"Hakuna kazi anakusaidia?"

"Kazi gani? Huyu mvivu. Hata sindano hajui kuitia uzi."

"Si mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Anakula, analala."

Mwalimu akanitazama. Akazitazama ncha za vidole vyangu, au mimi nilidhani anazitazama, siwezi kuapa. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Sasa mimi naandika nini, jjajja?"

"Andika ulivyoona wewe, mwalimu wangu. Wewe ndiye mwenye kisomo."

Akaandika. Njiani bibi alininunulia karanga za moto, akatembea mwepesi kama mtu aliyevuka mto. Kwetu mtoto mwenye mkono mzuri hasifiwi mbele ya wageni, atapigwa jicho, vidole vife ganzi. Mbele ya mgeni mwenye magwanda, ndiyo kabisa. Kwa neno moja alikuwa ameninusuru na husuda na jela, na sidhani alihesabu kwamba shule nayo ilikuwa chumbani mle. Jina langu halikwenda. Mwalimu aliniambia nirudie mwakani, lakini mwakani sikuweza kukaa na wadogo, wangenipima mabega. Nilishona. Nashona hadi leo.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Mwalimu Ssali sokoni Bukoto, mzee, amebeba ndizi begani na koti jingine mwilini. Nilimkumbusha siku ile ya ofisini. Alizitua ndizi chini, akasema, "Ungeniambia unashona. Mwaka ule kulikuwa na kijana anajifunza gereji kwa baba yake. Niliandika hivyo, anajifunza kazi. Hedimasta akakubali. Alikaa mtihani."

Sijui kama ni kweli. Huenda mzee alitaka tu kunituliza, na huenda kwa binti asingeandika. Nimejaribu kumkasirikia yeye, ikanishinda. Nimejaribu na kwa bibi, na huko ndiko ilikonishinda zaidi. Ila naikumbuka ile kalamu ilivyosubiri. Nilidhani inanihukumu, kumbe ilikuwa ikiomba ipewe neno. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo ninao.

Miaka mingi nilijiambia nilinyamaza kwa woga wa yule sajini. Leo naona sivyo. Mwalimu alimshuku bibi, ndiyo maana alimuuliza mara tatu. Sajini hakuwa hata akisikiliza. Bibi mwenyewe alijua anasema uongo. Katika chumba kile, mtu pekee aliyeamini kwamba sijui kitu alikuwa mimi.